Mama Alikuwa Anaangalia Mwembe

TV mpya inapoingia nyumbani, wa kwanza kufikiriwa huwa mgeni: akifungua mlango, aone nini. Anayekaa mbele yake kila siku hufikiriwa mwisho, na kwetu huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Awali alikuwa na TV yake ya chogo, juu ya meza fupi kando ya dirisha. Ilikuwa ndogo na rangi zake zimefifia, lakini spika zilitazama mbele, zikimwelekea kwenye kiti chake. Ilivuka hata ule usiku wa 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Tukaifungia king'amuzi, ikaendelea na kazi. Kisha shemeji, kwa mapenzi ya kweli kwa mama yake, akaleta flati ya inchi 43. Fundi akaitundika juu ya kabati la vyombo, karibu na dari, ikitazamana na dirisha kubwa la magharibi. Sebule yenyewe ilikuwa imetoka kukarabatiwa: vigae chini, gipsamu juu, zulia limeondolewa kwa sababu ya vumbi, mapazia mazito yamepisha shela. Kila aliyeingia alisifia.

Haukupita muda Mama akaanza kuuliza, "Kasema nini?" Mtangazaji anasema bei ya sukari imeshuka, yeye kasikia imevuka, na kesho yake anabishana na mwenye duka. Tukaongeza sauti. Watoto wakashindwa kusoma, jirani akatuma mtu kutuomba tupunguze, na Mama bado anauliza. Shemeji akaleta sabufa, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika: vikombe vikatetemeka kabatini, muziki wa tamthilia ukanguruma, maneno yakazama. Mama akawa anaiacha tamthilia katikati na kwenda zake barazani. Watu wakaanza kusema, yeye mwenyewe akiwepo, kwamba Mama sasa kiziwi. Hilo liliniuma sana. Mzee akishabatizwa jina hilo, watu huacha kumsemesha.

Hospitalini alipimwa masikio. Sauti nzito anazisikia vizuri. Zilizopungua ni zile nyembamba, kama inavyowatokea wazee wengi. Hapo tukaelewa mengi. Nguvu ya sauti ya mtu hubebwa zaidi na irabu, lakini s, sh, f na t, ambazo ni nyembamba na dhaifu, ndizo zinazotenganisha neno na neno. Sabufa inapandisha ile nzito, na ile nzito inaifunika nyembamba. Tena flati haina tumbo la kukaa spika kubwa, hivyo nyingi hutolea sauti chini au nyuma. Yetu ilikuwa inaimwaga juu ya kabati na ukutani, kisha vigae na dari vinairudisha ikiwa imechelewa kidogo, silabi moja inaipanda nyingine. Piga kofi moja kwenye sebule isiyo na zulia, usikilize linavyovuma.

Hayo ni ya masikio; ya macho aliyagundua dada anayetusaidia kazi. Alikuwa anafuta kioo saa kumi jioni, TV imezimwa, akaniita. "Njoo uone. Bibi haangalii TV, anaangalia mwembe." Nikakaa kwenye kiti cha Mama. Dirisha lote lilikuwa ndani ya kioo, na shela yake, na mwembe wa jirani hadi matawi yanayocheza. Tulipoiwasha, nyuso za waigizaji zikafifia ndani ya ule mwanga. Na mtu ambaye sikio linamwangusha kwenye s na f huziokota kwenye midomo ya msemaji, hata kama mwenyewe hajui anafanya hivyo. Tulikuwa tumemnyima midomo pia.

Usiku nako kulikuwa na balaa lake. Shemeji alikuwa anazima taa zote ili iwe kama sinema, wakati TV bado iko kwenye ule mng'ao mkali uliopangwa kwa ajili ya dukani. Gizani mboni hupanuka, na jicho la mzee hutawanya mwanga zaidi kuliko la kijana. Mama alikuwa anafuta machozi, sisi tukidhani tamthilia imemgusa.

Fundi akarudi. Safari hii Mama alikaa kitini kwanza, ndipo ukuta ukapimwa. TV ikahamia ukuta mwingine, dirisha likabaki ubavuni, na katikati ya kioo pakawa sawa na macho yake, kama mita moja kutoka sakafuni. Kiti kikasogezwa hadi mita mbili hivi. Zulia likarudi, mapazia mazito yakarudi, mng'ao ukashushwa, taa ndogo ikawekwa nyuma ya TV. Sabufa shemeji aliichukua kwake. Badala yake tukanunua spika ndefu ya kulaza chini ya kioo, inayotazama mbele. Habari za saa mbili sasa Mama anazisikiliza kwa sauti ambayo watoto wanaweza kusomea mezani, na mwenye duka amepumzika.

Matundu ya misumari juu ya kabati bado yako wazi, na shemeji kila akija anayatazama kwa huzuni. Mama kamwambia, "Mwanangu, ziba utundike picha ya marehemu baba yako. Yeye hana la kusema nikashindwa kumsikia." Limebaki pangaboi tu, ambalo mvumo wake nao unameza herufi zilezile, na kwa joto la Februari halizimiki, basi wakati wa habari tunalirudisha namba moja.