Sifa za Karatasi ya Makadirio

Barua ya posa ina washairi wake, na hati ya kiwanja ina watu wa kuificha chini ya godoro. Lakini karatasi ya makadirio ya matengenezo, ile ambayo kampuni za bima ya nyumba nchini Marekani humpelekea mteja baada ya maafa, haijapata hata mpiga zumari mmoja. Ni dhuluma.

Mvua ya mawe ikishatwanga paa huko Texas, mkadiriaji hupanda ngazi, huzungushia chaki kila kovu, hupiga picha, kisha huingiza vipimo kwenye programu, mara nyingi Xactimate, yenye bei za eneo lile. Hutoka kurasa na kurasa. Hakuna kazi iliyo ndogo mno kuandikwa: kung'oa vigae vya lami, kutandika karatasi mpya chini yake, kusogeza makochi, kufunika sakafu kwa plastiki, kufungua feni ya dari na kuifunga tena. Mwenye nyumba aliyelala chini ya paa hilo miaka yote leo anajua kwamba paa huhesabiwa kwa “miraba”, kila mmoja futi za mraba 100. Elimu hiyo hapewi na mtu mwingine.

Uhodari wa karatasi hii hasa ni wa kutoa. Tuseme paa jipya ni dola 15,000. La zamani lina miaka 10, na lilitarajiwa kudumu 20. Uchakavu unameza nusu, zinabaki 7,500. Kisha inakuja sehemu ya hasara anayojibebea mwenye bima. Kwa upepo na mvua ya mawe, sehemu hiyo mara nyingi ni asilimia, na asilimia hiyo si ya hasara, ni ya kiasi ambacho nyumba imekatiwa bima. Asilimia 2 ya 300,000 ni 6,000. Hundi ya kwanza: dola 1,500.

Aliyeona 15,000 na kumpigia fundi simu kwa bashasha sasa anatafuta kiti.

Hata hivyo karatasi haina roho mbaya. Kama bima ni ya gharama ya kubadilisha, ule uchakavu wa 7,500 hurudishwa kazi ikiisha na risiti zikiwasilishwa. Kama paa lilikatiwa kwa thamani ya sasa tu, basi zimekwenda. Tofauti hiyo imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa ambao watu wengi huuruka.

Tena ni karatasi isiyo na kiburi: inakubali kusahihishwa. Mkadiriaji akisahau mifereji ya mvua, au asilimia 10 ya uendeshaji na 10 ya faida ambazo kwa desturi huongezwa pale kazi inapohitaji mkandarasi wa kusimamia mafundi wa fani mbalimbali, fundi hupeleka madai ya nyongeza pamoja na picha. Wanaoichukulia kama hukumu ya mahakama hujinyima wenyewe.

Na usikivu wake kwa sheria! Tangu 2019, mkandarasi wa Texas haruhusiwi kumwahidi mteja kwamba ile 6,000 “ataimeza” yeye. Kabla ya kuachia 7,500 zilizobaki, kampuni inaweza kudai uthibitisho kwamba mwenye nyumba kailipa kweli. Hundi yenyewe huenda ikaandikwa majina mawili, lake na la benki iliyomkopesha nyumba, nayo benki ina fomu zake.