Waraka kwa Mwenye Matatu Inayovuja

Mheshimiwa mwenye gari,

Nakuandikia kutoka kiti cha nyuma, upande wa dirisha. Mimi ni abiria wako wa kila siku, kutoka Buruburu kwenda katikati ya Nairobi kupitia Jogoo Road. Sitalitaja gari lako wala sacco yake, kwa maana sikuandika nikuaibishe mbele za watu. Nataka paa lizibwe, basi.

Kwanza nikupe haki yako. Gari ni zuri. Tangu Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu tena michoro ya matatu mwaka 2014, vijana wengi wa Eastlands wamepata riziki kwa rangi, taa na muziki, na waliolishughulikia gari lako ni mafundi wa kweli. Skrini ni safi, spika hazikwaruzi, mchoro wa ubavuni unafanya watoto wa shule wasimame kuutazama. Kwa hiyo najua pesa ulikuwa nazo. Ulimtengea aliye nje, ukamsahau aliye ndani.

Mvua ikishika, maji hudondoka kwenye viti vya nyuma, na watu wanaokwenda kazini hufungua miavuli ndani ya gari. Makanga wako, kijana mwenye adabu, hutuomba tusonge, lakini tusonge wapi na gari limejaa? Na siku hiyo hiyo nauli imepanda, kama inavyopanda Nairobi nzima mawingu yakifunga. Desturi hiyo hukuianzisha wewe. Lakini mtu aliyetozwa zaidi kwa sababu ya mvua hastahili kunyeshewa akiwa ameketi.

Dereva anasema paa lilishashughulikiwa. Kazi hiyo nimeiona. Ni silikoni iliyopakwa ndani, kwenye dari, pale pale maji yanapodondokea. Kosa lote liko hapo, kwa sababu maji hayadondokei yalipoingilia. Bodi ya gari kama lako hujengwa hapa hapa nchini juu ya chesisi ya lori. Fundi huunganisha mbavu za chuma, akazifunika kwa shiti za bati, akapiga riveti, halafu ndani akabandika dari na ngozi bandia. Maji yakipenya kwenye riveti moja karibu na mlango, hutambaa juu ya ubavu wa chuma, yakafuata mwinamo wa gari, yakatokea nyuma kabisa. Ukiziba pale chini umeyafungia darini. Yatakaa humo yakila chuma mpaka yapate upenyo mwingine, na darini mwako humo humo ndimo zilimopitishwa nyaya za taa na za spika. Hilo linanitia hofu kuliko shati langu kulowa.

Sababu za paa kufunguka fundi yeyote wa bodi Kariobangi Light Industries anaweza kukueleza. Springi za lori ni ngumu, ziliundwa kubeba mzigo. Gari likiruka kila tuta na kila shimo, bodi hujipinda kidogo na riveti hulegea. Jua la mchana hulitanua bati, baridi ya alfajiri hulisinyaza, na maungio huchoka. Raba ya kile kifuniko cha hewa juu ya paa hukauka na kupasuka. Halafu kuna matundu uliyoongeza mwenyewe: antena, keria, taa za mapambo. Kila bolti iliyopitishwa kwenye bati ni mlango wa maji isipozibwa vizuri, na wewe umezipitisha nyingi.

Nakuomba umlipe fundi atafute tundu kabla hujamlipa alizibe. Gari lisimame mahali tambarare, likiwa kavu, dari ya nyuma imefunguliwa. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwingine ashike mpira wa maji, aanze chini, kwenye raba za madirisha, ndipo apande polepole hadi kwenye maungio ya paa, na mwisho kwenye kifuniko na keria. Kila sehemu aimwagilie peke yake, kwa dakika kadhaa, kabla ya kuhamia nyingine. Akimwaga maji paa zima kwa pamoja hatajua tundu lipi limevuja. Alama za kutu kwenye mbavu nazo zitamwonyesha njia ambayo maji yamezoea. Na akipata tundu moja asishuke. Paa lenye tundu moja huwa na mengine.

Kuziba ni kazi nyepesi, ila haitaki njia ya mkato. Silikoni ya zamani ikwanguliwe yote, maana hakuna kitu kinachoshika vizuri juu yake. Ile yenye harufu kali ya siki isirudishwe kabisa, asidi yake huchochea kutu. Kutu isuguliwe mpaka chuma king'ae, kipakwe rangi ya kuzuia kutu, riveti zilizolegea zing'olewe zipigwe mpya, na maungio yazibwe kwa gundi ya poliurethani, ambayo hunyumbuka bodi inapojipinda. Maduka ya Kirinyaga Road yanayo. Kupaka silikoni mpya juu ya vumbi, kama alivyofanya fundi wako wa mwanzo, ni kufunga kidonda kisichooshwa.

Utaniambia kwamba gari lilipita ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Nakubali. Ukaguzi wa magari ya abiria ni wa kila mwaka, na breki na taa ndizo zinazoulizwa kwanza. Lakini stika ya ukaguzi haimkaushi abiria. Utaniambia pia kwamba siku moja gereji ni siku isiyo na hesabu ya kukuletea. Ni kweli, na dereva na makanga nao watalala bila kitu usipowafikiria. Lakini chuma cha mbavu kikishaliwa, hutazungumzia siku moja tena. Utajenga bodi upya, pamoja na ule mchoro.

Mvua za masika huanza Machi. Lipeleke gari gereji Februari, mwambie fundi afungue dari, na umlipe kwa saa atakazotumia kutafuta. Siku ya kulichukua njoo wewe mwenyewe, si dereva. Keti kiti cha nyuma, upande wa dirisha, kisha waambie wafungue maji juu ya paa. Ukishuka ukiwa mkavu, mlipe fundi.

Wako katika safari,
Abiria wa Buruburu