Sifa za Bwana Wote

Hakuna mwanafunzi wa Kindu aliyesoma shule nyingi kama Bwana Wote. Yuko Kasuku, yuko Mikelenge, na asubuhi huvuka Lualaba kwa mtumbwi pamoja na watoto wa Alunguli. Hajawahi kufanya mtihani hata mmoja, lakini hutajwa kuliko mwalimu yeyote. "Wote wametoroka." "Wote wananakili." "Baba, wote wana telefoni, nimebaki mimi tu."

Sifa yake kuu ni hesabu. Mwalimu akihangaika ubaoni na asilimia, Bwana Wote huchukua vijana watatu wa dawati la nyuma na kuwafanya darasa zima la watu hamsini. Watatu wakiamua kwamba kesho hakuna kuja shule, basi "wote tumepatana". Wala si watatu wa bure. Solomon Asch, mwanasaikolojia aliyefanya majaribio yake Marekani kuanzia 1951, aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi, huku wenzao waliopangwa wakitoa kwa pamoja jibu la uongo. Robo tatu hivi ya waliopimwa waliufuata uongo huo angalau mara moja, na wasemaji watatu walitosha kuleta karibu nguvu yote ya kundi. Dawati la nyuma lilikuwa likilijua hilo bila maabara.

Hesabu hii hufanya kazi pia kinyumenyume. Prefe, mkuu wa shule, akiuliza nani amevunja kiti, hamsini huwa kumi, kumi huwa wawili, na ikifika adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja hubaki mtoto mmoja, mara nyingi yule aliyekataa tangu mwanzo.

Bwana Wote ana ndugu zake pia. Kuna anayesema, "Usipotoroka nasi, wewe ni mpelelezi wa prefe," kana kwamba dunia ina viti viwili tu. Kuna anayejibu hoja kwa kumtazama msemaji: "Mtoto wa ng'ambo atajua nini?" Na kuna mpenzi wa Mtihani wa Taifa, ule unaofanyika tangu 1967: "Kaka yangu hakusoma, akapata diplome." Kaka wengine kumi ambao hawakusoma na hawakupata kitu hawaulizwi.

Lakini watoto hawakuyaokota haya barabarani; waliyajifunza kwa wakubwa. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na Septemba 2019 serikali ikaanza kuitekeleza. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, wazazi ndio waliobeba prime, yaani nyongeza ya mshahara, ya walimu, na sekondari bado wanalipa. Kila mchango mpya unapozaliwa, Bwana Wote hupewa kiti cha mbele katika mkutano wa wazazi: "Wazazi wote wamekubali." Wote gani? Ukumbini mlikuwa na watu ishirini, nusu yao wamekuja kuuliza kwa nini watoto wao wamefukuzwa! Asiyenyanyua mkono husemwa kuwa hapendi maendeleo ya shule, na aliyenyamaza huhesabiwa kuwa amekubali.

Asch aligundua pia kwamba akitokea mmoja tu katika kundi anayetaja mstari sahihi, kufuata mkumbo hupungua sana. Kwa hiyo mama anayesimama na kuomba orodha ya waliokubali ni mtu wa kuogopwa. Huambiwa kwa upole kwamba orodha iko kwa direkta, na direkta amevuka ng'ambo.