Futari ya Saa Tisa

Kiswahili kilipokopa maneno kutoka Kiarabu hakikuandikiana mkataba na mkopeshaji, na ndiyo maana yapo maneno yaliyopanda jahazi yakiwa na maana moja yakashuka Pwani ya Afrika Mashariki yakiwa na nyingine, jambo ambalo halimdhuru mtu yeyote madhali amekaa kwao na anakula mbaazi kwa mahamri. Madhara huanza pale Mswahili anapoalikwa kula asubuhi na Washami, yaani watu wa Shamu, jina ambalo vitabu vya zamani hulitumia kwa Syria na majirani zake, na ambalo wakazi wa Damascus huuitia mji wao wenyewe. Mgeni asiyejua neno hata moja la Kiarabu huketi kwenye meza ya Washami kwa tahadhari, huuliza, huonyesha kwa kidole, na hula akashiba salama. Anayeumbuka ni Mswahili, kwa kuwa yeye anadhani ameelewa.

Aibu yake huanzia kwenye mwaliko wenyewe. Chakula cha asubuhi Washami hukiita futur, neno linalotokana na kuvunja mfungo, kwa hoja kwamba aliyelala usiku kucha bila kula naye alikuwa amefunga. Waswahili walilipokea neno hilohilo, wakalifanya futari, wakaliweka kando kwa ajili ya Magharibi ya Ramadhani pamoja na tambi, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga. Asubuhi waliitafutia neno jingine la Kiarabu, staftahi, ambalo maana yake ya asili ni ufunguzi, na ambalo wenye maduka wa Damascus hulitumia kwa mauzo ya kwanza ya siku, yale yanayosemekana kubeba baraka ya mauzo yote yatakayofuata. Kwa hiyo Mswahili anayeingia dukani kwa Mshami alfajiri na kutangaza kwamba amefuata staftahi hatapewa kitafunio chochote. Atakaribishwa kwa furaha kubwa na kuulizwa anataka kununua nini.

Baada ya jina la mlo hufuata saa ya mlo, na hapo ndipo hali inapokuwa mbaya kweli. Kati ya namba moja hadi kumi, Kiswahili kilichukua tatu tu kutoka Kiarabu, nazo ni sita, saba na tisa, na neno saa lenyewe likachukuliwa pia, lakini namna ya kuhesabu saa haikuchukuliwa, kwa kuwa Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza na siyo usiku wa manane. Mwaliko wa saa nne au saa nane hauna hatari yoyote, maana arba'a na thamaniya hazifanani na nne wala nane. Mwaliko wa saa tis'a, yaani tisa ya Kiarabu, ambayo ni saa tatu asubuhi kwa mtu wa Tanga au Lamu, ni mtego uliotegwa na historia. Mwandishi wa insha hii, alipoalikwa na rafiki Mshami katika mkahawa mmoja wa barabara ya Sonnenallee, mtaani Neukölln katika jiji la Berlin, alisikia kwa masikio yake mwenyewe maneno mawili anayoyajua tangu utotoni, futari na saa tisa, na ingawa aliona ni ajabu watu kufuturu saa tisa alasiri, tena siku isiyo ya Ramadhani, alijiambia kwamba kila nchi na mila zake, akafika kwa wakati akiwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akamkuta mhudumu anapiga deki.

Ni haki kumtetea kidogo. Wakati wa utawala wa Waosmani, ambao waliishika Damascus kuanzia mwaka 1516 hadi 1918, saa zilihesabiwa kuanzia jua linapozama, na mshale ulirekebishwa kila jioni ili Magharibi iwe ndiyo saa kumi na mbili; kwa kipimo hicho, katika majira ambayo usiku na mchana hulingana, kile ambacho leo Mshami hukiita saa tis'a kiliitwa saa tatu, sawasawa kabisa na Kiswahili. Mgeni huyo, kwa maneno mengine, hakuchelewa saa sita bali alichelewa zaidi ya miaka mia moja, na kosa la aina hiyo lina heshima yake. Mwenyeji wake, ambaye alikuwa amemsubiri hadi adhuhuri huku simu ya mgeni ikiita bila kupokelewa kwa kuwa mwenyewe alikuwa amelala ili asije akachoka kwenye futari, alipoelezwa hoja hiyo ya Waosmani alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akapanga siku nyingine na kuitaja saa kwa vidole.

Ili kuelewa kwa nini kuchelewa ni kosa zito, ni lazima kueleza ful. Ful ni maharage mapana ya kahawia ambayo, katika maduka ya kale ya Damascus na Halab, mji ambao Wazungu huuita Aleppo, huchemshwa usiku kucha kwa moto mdogo ndani ya chombo cha shaba chenye tumbo kubwa na shingo nyembamba, kisha huchotwa asubuhi kwa upawa wenye mpini mrefu. Muuzaji wake huitwa fawwal, na shughuli yake hufuata chombo na haifuati saa ya ukutani, maana kikikauka duka limefungwa. Ijumaa asubuhi, ambayo ndiyo siku ya mapumziko, watoto hutumwa na bakuli kwenda kununua, na katika mtaa wa Midan, kusini mwa Damascus ya kale, harufu ya kitunguu saumu, ndimu na bizari nyembamba huamsha hata wasiokusudia kuamka. Wapo wanaoitia ful mafuta ya zeituni, nyanya na ndimu, na wapo wanaoikorogea tahini, yaani ufuta uliosagwa hadi ukawa uji mzito, na ubishi kati ya makundi hayo mawili hauna mshindi.

Siku ya pili, mgeni akiwa amefika saa tatu kamili, meza ilijaa visahani hadi vingine vikapanda juu ya vingine. Kwenye meza hiyo kijiko ni mkate, mwembamba wa duara, wenye matabaka mawili yanayoachana kama mfuko, nao hukatwa kwa vidole, hukunjwa ukawa kama ngalawa, na hutumika kuchotea. Mswahili aliyekulia kwenye ugali ana maarifa yake mwenyewe ya kuchota: hufinyanga tonge, hulibonyeza kwa kidole gumba likafanya kishimo, na mchuzi hukaa mle kwa utulivu. Maarifa hayo ni mazuri na hayana kosa isipokuwa moja, kwamba ugali una kina na mkate wa Shamu hauna. Kidole gumba kilipita katikati ya mkate kikatokea upande wa pili kimevaa labne, ambayo ni mtindi uliochujwa kwenye kitambaa hadi ukawa mzito kama jibini laini, na kwa muda mfupi mgeni alionekana kama mtu anayepiga muhuri wa dole gumba kwenye hati ya shamba.

Kisahani kilichofuata kilikuwa na za'atar, mchanganyiko mkavu wa majani ya jamii ya zatari, ufuta, na unga mwekundu mchachu wa tunda liitwalo summaq, ambalo lisichanganywe na sumaku hata kama mwenyeji amelitamka kwa kasi. Utaratibu wake ni kuchovya mkate katika mafuta ya zeituni kwanza na katika unga baadaye. Anayeanza na unga huyaacha mafuta ya watu wote yakiwa tope. Utaratibu wa pili, ambao haufundishwi kwa kuwa kila mtoto wa huko anao, ni kutovuta pumzi wakati tonge likiwa karibu na pua. Wazazi wengi wa Shamu huamini kwamba za'atar hutia akili, na huwapa watoto wao asubuhi ya mtihani. Mgeni, aliyekohoa hadi meza ya jirani ikamletea maji, hakuonyesha dalili yoyote ya manufaa hayo.

Ndipo alipoomba chai. Chai ya Washami huja katika bilauri ndogo, nyekundu, ya moto, yenye sukari ya kutosha, na isiyo na maziwa, na kwa mtu aliyezoea chai ya maziwa iliyochemka na hiliki hicho ni kinywaji cha mgonjwa. Mgeni alikuwa amesoma mahali kwamba Misri maziwa huitwa laban, na kwa sauti ya msomi akamwomba mhudumu amletee laban. Kijana akasita. Akauliza kwa adabu, akimwita ammo, ambalo ndilo ami la Kiswahili, kama kweli anaitaka pamoja na chai, na ammo akathibitisha, tena kwa sarufi safi. Kwa Washami maziwa ni halib, na laban ni mtindi. Bakuli lilipoletwa, heshima ilikuwa imekwisha kuwekwa rehani na kurudi nyuma kusingewezekana. Akachota kijiko kimoja akakitia ndani ya bilauri, kikazama, kikatulia chini, kisha kikaanza kupanda vipande vipande kama mawingu ya masika, huku mwenyeji akiangalia dirishani kwa bidii. Akainywa yote. Alisema kwao ndivyo wanavyokunywa, na kwa hiyo inawezekana kwamba wapo Washami kadhaa huko Berlin ambao hadi leo wanaamini jambo lisilo la kweli kuhusu Zanzibar.

Mengine yalikuwa madogo. Alipoambiwa aonje mrabba alitafuta kitu chenye pembe nne, kumbe ni jamu ya mishmish, yaani aprikoti, tunda lililoyapa sifa mashamba ya Ghouta yaliyoizunguka Damascus. Alipoahidiwa halawa alijiandalia halua, ile ya Oman na Unguja inayotikisika, akaletewa kipande kikavu cha tahini na sukari ambacho kilipukutika kifuani kabla hakijafika mdomoni. Makdus ndiyo iliyomaliza kanzu. Hiyo ni biringanya changa, ndogo, ambayo huchemshwa, hupasuliwa, hutiwa chumvi, hukandamizwa kwa kitu kizito ili maji yatoke, kisha hujazwa jozi, pilipili nyekundu na kitunguu saumu na kuzamishwa katika mafuta ya zeituni ndani ya chupa. Familia huitengeneza mwishoni mwa kiangazi ili iwafikishe hadi baada ya baridi, na haiwezekani kuisifu kupita kiasi. Lakini biringanya iliyokaa miezi kadhaa katika mafuta huwa imenywa mafuta, na anayeing'ata katikati badala ya kuiweka sahanini na kuikata kwa mkate huyafungulia mafuta hayo yote kwa mpigo. Doa lilishuka kutoka shingoni hadi kitovuni, la rangi ya dhahabu, zuri kwa namna yake.

Fatteh ililetwa mwisho, na kila mtu mezani akanyamaza. Jina lake latokana na kumegamega, kwa kuwa chini kabisa kuna vipande vya mkate uliokaushwa, vikalowanishwa kwa maji yaliyochemshia dengu, vikafunikwa kwa dengu zenyewe, kisha mtindi uliochanganywa na tahini na kitunguu saumu, na juu yake humwagwa samli ya moto pamoja na korosho au kokwa za msonobari, ikilia kama mvua juu ya bati. Samli, kwa bahati, ni samne kwao, mojawapo ya maneno machache siku hiyo yaliyofanya kile yalichoahidi. Uhai wa fatteh ni dakika chache tu, kabla mkate haujalainika ukawa kama uji wa mtoto, na hakuna mlo mwingine wa asubuhi unaomdai mlaji haraka kiasi hicho. Mgeni akatoa simu apige picha. Akasogeza bilauri, akasogeza zeituni, akasimama, akakaa, akamwomba mwenyeji aondoe mkono, na alipomaliza alikuwa na picha nne nzuri za chakula kilichokwisha kufa. Tena, kwa kuwa sasa alikuwa amefuzu somo la mkate, aliichota fatteh kwa mkate, ilhali hiyo ndiyo sahani iliyokuja na vijiko.

Mwenyeji alikuwa akisema sahtein kila baada ya tonge, neno lenye maana ya siha mbili, na siha Mswahili anaijua. Jibu lake ni ala albak, yaani ziwe juu ya moyo wako. Mgeni alijibu kwa asante, akajibu tena kwa asante, na kila asante ilichukuliwa kuwa ombi la mkate mwingine. Kilichomwokoa ni dayme, tamko la anayenyanyuka mezani akiwaombea wenyeji sufuria zao zisikauke, ambalo si lingine ila daima, na ambalo alilitamka kwa bahati tu, akijaribu kusema kwamba hatakula daima. Hesabu ilipoletwa alishindana kulipa, akashindwa kwa kuwa mwenyeji alikuwa amekwisha kulipa zamani alipojifanya anakwenda kunawa, na alipoapa kwamba safari ijayo ni zamu yake akaambiwa bukra fil-mishmish. Bukra ni kesho, mishmish ni aprikoti. Akaondoka akiamini kwamba kesho yake kuna jamu, na siku mbili zilipita kabla hajajua kwamba maneno hayo, ambayo Washami humwambia mtu anayengojea lisilokuja, yametokana na ufupi wa msimu wa tunda hilo.

Tangu hapo mialiko haitamkwi. Usiku wa Alhamisi mwenyeji hutuma picha ya saa ya ukutani ya jikoni kwake, mshale mfupi ukiwa juu ya 9 na mrefu juu ya 12, na chini ya picha ameandika kwa Kiswahili alichofundishwa: uje bila kanzu.