Sukari Inaingia, Mgunga Unatoka

Nasonya, jamani, na msinikataze. Adeer, mzee mwenye kibanda karibu na soko la mifugo hapa Garissa amenimiminia shaah, macho yangu yakaangukia gunia la sukari alilolikalia. Chapa ni ya kiwanda cha magharibi mwa Kenya. Lakini mdomo wa gunia umeshonwa kwa mkono, uzi mweusi, mshono umepinda kama njia ya mbuzi. Tangu lini kiwanda kikashona kwa mkono? Hiyo ni sukari ya magendo kutoka bandari ya Kismayu, Somalia, iliyovishwa kanzu ya Kenya.

Mtaniambia, sukari si bangi. Kweli, si bidhaa ya marufuku. Ni bidhaa ya masharti. Sukari ya ng'ambo, kama ile ya Brazil, ushuru wake Afrika Mashariki ni asilimia 100, na lazima ipimwe ubora. Hii imevuka mpaka kwa njia ya Dhobley, Liboi na Dadaab bila kulipa wala kupimwa. Urahisi wake umetoka hapo.

Na chombo kilicholeta sukari hiyo Kismayu kutoka Ghuba, kilirudi huko kitupu? Thubutu! Mwaka 2011 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza kuwa ni biashara pacha: makaa yanakwenda, sukari inarudi, na al-Shabaab wanatoza kote kuwili. Februari 2012 Baraza la Usalama likapiga marufuku makaa ya Somalia. Yakazidi kusafirishwa kwa vyeti vya uongo, eti yametoka Komoro, eti Ghana. Mgunga uliotupa kivuli, mgunga ambao mbuzi wetu hula maganda yake, ukachomwa makaa, ukaishia kwenye shisha za watu.

Walahi, hapa ndipo ninapoumia. Kundi linalonona kwa ushuru huo ndilo lililoingia chuo kikuu chetu alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, wakafa watu 148. Mji ulioshuhudia hayo hauwezi kusema magendo ni riziki tu.

Najua maisha ni magumu, na mama mwenye watoto sita hununua anachokimudu. Simlaumu yeye. Ninayemlaumu ni mwenye lori, na afisa anayeinua kizuizi usiku akageuza uso. Ila sisi wenye uwezo wa kuchagua, tusijifanye hatuoni mshono. Ukienda dukani, kabla ya kuuliza bei, uliza risiti.