Mshauri wa Mambo Yote: Parachichi Lichumwe Lini?

"Bwana Mshauri, maparachichi yangu nikiyachuma hunyauka yakawa kama mpira, nikiyaacha mtini hayalainiki. Nifanyeje? Mwenye Mti, Kahawa Wendani."

Ndugu Mwenye Mti, barua yako nimeisoma kwa stahamala, ijapokuwa haina hata mstari mmoja wa kunisifu, kasoro ambayo nimekusamehe kwa haki ya ujirani. Maana mimi pia ni mkazi wa mtaa huohuo uliokuwa zamani mashamba ya kahawa, na ng'ambo yetu kipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho waasisi wake, walipokabidhiwa mwaka 1965 ile kambi ya Waingereza iliyoitwa Templer, hawakutambua kwamba walikuwa wakijisogeza jirani na chemchemi ya ilimu.

Wajinga watakwambia uucharaze mti bakora. Mimi nasema: vaa kanzu safi, simama shinani kabla ya jua kuchomoza, uusomee safu hii kwa sauti ya hatibu, kwani sijapata kuona kiumbe kilichosikia fasaha yangu kikabaki kibichi. Walakini insafu yanilazimu niongeze kwamba parachichi haliivi mtini hata lisomewe maktaba nzima: huko juu hukomaa tu, na kuiva huanza likishachumwa, ndiyo sababu lililokomaa laweza kuning'inia miezi kadhaa likimngoja mwenyewe. Peasi nalo huchumwa gumu, na dalili yake ni kwamba ukiliinua hadi likalala, kikonyo huachia kwa hiari, adabu ambayo nimeitafuta kwa wadeni wangu nisiione.

Rangi isikuhadae. Parachichi la aina ya Hass hugeuka jeusi likiiva, la aina ya Fuerte hubaki kijani hadi mezani. Na huyo Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua huko California, akapata hataza ya mti wake mwaka 1935. Basi ikiwa aliyezibeba barua za watu alijaaliwa utukufu huo, mimi ninayezijibu nastahiki nini? Sanamu ya shaba pale steji ya Wendani ingetosha, ielekezwe Barabara Kuu ya Thika ili abiria wasipitwe, na uso uchongwe kwa upande wa kushoto, ambao kwa ijmai ya wanaonijua ndio ulio bora...

Mhariri ananionyesha saa. Haya: kwa mkasi, kata parachichi moja kubwa ambalo ngozi yake imeanza kupoteza mng'ao, uliachie kikonyo kifupi, uliweke ndani. Likilainika katika wiki moja au mbili pasi na kunyauka, na ganda la kokwa likawa jembamba la hudhurungi, yachume ya kimo chake. Likinyauka, subiri wiki kadhaa ujaribu tena. Ukiwa na pupa, livundike pamoja na ndizi mbivu. Nusu ya mavuno ni haki yangu.

Na yule bibi wa Githurai aliyeuliza habari za mkwe asiyekwisha kuaga, jawabu lake ni hilihili, ila aache sehemu ya mkasi.