Hakuna Simba Kule

"Kule hakuna simba wala chui," shemeji aliniambia, na kwa neno hilo moja nikakubali kwenda kisiwani Rubondo. Sisi watu wa Ngenge, Muleba, ni wa nchi kavu. Ng'ombe tunawajua, Ziwa Victoria tunakutana nalo kwenye sahani ya dagaa.

Tukaondoka usiku, Kyamyorwa, Muganza, hadi Kasenda kwenye boti. Jaketi la kujiokolea nilikaza mikanda mpaka pumzi ikawa ya mgao.

Kabla hatujaingia msituni, askari wa hifadhi, binti wa rika la mwanangu wa pili, alitusimulia habari za sokwe. Kati ya 1966 na 1969, Mjerumani Bernhard Grzimek na wenzake wa Frankfurt waliwaachia kisiwani sokwe 17 waliotoka Ulaya, kwenye bustani za wanyama na sarakasi. Walikuwa wamezoea kuletewa chakula. Ilibidi wajifunze upya kutafuta matunda na kujitengenezea viota. Rubondo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977, walikwisha kuwa wenyeji.

Nilicheka sana. Sokwe wa mjini! Mimi mtoto wa Muleba nifundishwe pori?

"Baba, suruali iingize ndani ya soksi," akaniambia yule binti.

Soksi zangu zilikuwa zile za kisasa zinazojificha ndani ya raba. Tena raba zenyewe nyeupe, mpya. Nikajifanya sikusikia.

Saa nzima tulipanda tukikwepa mizizi. Viota vya sokwe tulivionyeshwa juu ya miti, wenyewe hawakuonekana. Nikaegemea gogo kupumzika.

Siafu hana haraka. Anapanda kimyakimya na ukoo wake wote, kila mmoja anachukua nafasi yake, wengine wanafika mbali kuliko heshima inavyoruhusu. Halafu ni kama mmoja kapuliza filimbi.

Suruali ilivuka yenyewe, siwezi kusema niliivua. Walimu wawili wa kike tuliokuja nao botini waligeuka kwa adabu wakaanza kuchunguza mti usio na kitu. Binti askari alikuwa akiuma midomo. Na hapo hapo, bondeni, sokwe wakalipuka: mmoja alianza polepole, wakapokea wengine, hadi msitu mzima ukawa makelele kama ukumbi wa harusi.

"Shemeji," akasema shemeji, machozi yakimtoka, "hao babu zao wametoka sarakasi. Mchezo mzuri wanaujua."

Alasiri ziwa lilichafuka. Nahodha akatuamuru tukae tuli, asiinuke mtu, boti isije ikalala upande. Nikakaa katikati ya wale walimu, jaketi shingoni, mikono magotini, heshima imeanza kunirudia.

Wote tulitii, isipokuwa siafu mmoja aliyebaki.